Msibomoe Kabla ya Kuhesabu

Kabla sijawalaumu wengine, wacha niseme langu. Kazi yangu ya kwanza baada ya diploma ilikuwa ukarani wa mjengo katika chuo kimoja cha umma. Sitakitaja, na hakiko Turkana. Palikuwa na jengo la zamani la madarasa, halina ghorofa, kuta za mawe ya kuchonga, mabati mazito ya enzi hizo, madirisha ya chuma. Halikuwa likivuja. Iliamuliwa libomolewe pajengwe kitu cha kisasa. Mimi niliwekwa getini na daftari, nihesabu malori yanayotoka na kuandika yamebeba nini. Siku tatu, tripu 14. Yalitoka madirisha 46, fremu na vioo vyake, mengi yakiwa mazima. Ikatoka milango 12. Zikatoka mbao za kenchi zilizokauka hadi misumari ikagoma kung'oka. Msimamizi aliniambia niandike neno moja tu kila mstari: takataka. Nikaliandika mara 14, nikatia sahihi chini.

Siku ya pili nilijaribu kusema. Nilimwendea nikamwambia, mzee, kwetu Katilu kuna shule ambapo watoto wa darasa la kwanza wanasomea chini ya mti, na madirisha manane tu kati ya haya yangetosha darasa zima. Hakunigombeza. Alinijibu kwa upole kabisa: "Kijana, hii ni mali ya serikali, haigawanywi ovyo." Basi mali ya serikali ikaenda kumwagwa kwenye shimo la machimbo ya mawe, na mbao zikatiwa moto. Usiku huo kukaja lori ambalo halikuwa kwenye daftari langu, likachagua yaliyo mazuri, likaondoka. Hilo sikuliandika popote.

Miaka imepita. Mwaka jana nikaalikwa kwenye warsha ya uchumi mzunguko katika vyuo vikuu, yaani namna ya kupunguza kaboni kwenye majengo ya elimu. Ukumbi ulikuwa wa vioo pande tatu, mapazia yameshushwa kwa sababu ya jua, taa zimewashwa saa nne asubuhi kwa sababu ya mapazia, na nje jenereta inanguruma ili viyoyozi visizime. Tukapewa mifuko ya kitambaa yenye maandishi ya kijani. Mtoa mada alituonyesha picha za Ulaya: jengo linalofunguliwa kama sanduku, kila kipande na namba yake, kikisubiri jengo lijalo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza yale madirisha.

Neno lenyewe sina ugomvi nalo. Uchumi mzunguko maana yake ni kwamba kitu kikishatengenezwa kikae kazini muda mrefu iwezekanavyo, kirekebishwe, kihamishwe, kitumike tena, na kutupa kuwe jambo la mwisho kabisa. Ugomvi wangu ni namna tunavyoliagiza kama tunavyoagiza mtambo, pamoja na maelekezo ya nchi ulikotengenezwa, halafu tunalifungia kwenye warsha huku nje ya dirisha tingatinga likiendelea na kazi yake.

Hebu tuanze na hesabu, maana hapo ndipo tunapopotoshwa. Jengo lina kaboni za aina mbili. Moja ni ya kuzaliwa nayo: hewa ukaa iliyotoka viwandani wakati simiti, vyuma, vioo na matofali yake yalipotengenezwa na kusafirishwa. Nyingine ni ya kuishi nayo: umeme na mafuta ya kila siku ya kuwasha, kupoza, kupasha joto. Katika nchi za baridi, chuo kikuu huchoma gesi miezi mingi ili wanafunzi wasigande, kwa hiyo kaboni ya kuishi nayo ni kubwa, na miongozo yao mingi imeanzia hapo: ziba nyufa, badilisha madirisha, ongeza blanketi ukutani. Kwao ni busara. Kwetu hakuna anayepasha darasa joto. Na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa mno, karibu asilimia 90, unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwenye mabwawa na kwenye upepo. Ng'ambo ya ziwa letu, Loiyangalani, zimesimama pangaboi 365 zenye uwezo wa megawati 310. Bwawa la Turkwel, megawati 106, liko juu ya mto uleule unaomwagilia mtama wetu Katilu.

Kwa hiyo kwa chuo kilichounganishwa na gridi, kaboni nyingi ya jengo imeshatoka siku ambayo mgeni wa heshima anakata utepe. Ukibadilisha balbu zote baada ya hapo utaokoa pesa, na ni vizuri, lakini kaboni hutaigusa sana. Imeshapanda juu. (Lodwar ni hadithi nyingine. Kwa miaka mingi mji huu umepata umeme wa jenereta za dizeli huku nyaya za Turkwel zikielekea kusini. Hapa jengo linalohitaji kiyoyozi lina dhambi mbili.)

Sasa tuitazame simiti. Mawe ya chokaa hupikwa pamoja na udongo kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450. Jiwe lenyewe, likipikwa, linaachilia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na hiyo ni zaidi ya nusu ya hewa yote inayotoka kiwandani. Hata ukiendesha tanuri kwa jua tupu, jiwe litaachilia tu. Simiti peke yake inakisiwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Lori moja linabeba mifuko 560 ya kilo 50, tani 28. Kabla dereva hajawasha injini pale Athi River, mzigo huo umeshatoa zaidi ya tani 15 za hewa ukaa. Safari yenyewe hadi Lodwar, kilomita 700 hivi, inaongeza tani moja au mbili. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tunadhani mkosaji ni lori kwa vile ndilo tunaloliona likipita Kainuk likitoa moshi. Mkosaji mkubwa ni tanuri, na dawa ya tanuri ni kuliagiza kidogo.

Na njia ya uhakika ya kuliagiza kidogo ni kutobomoa. Ukuta uliosimama umeshalipiwa kaboni yake yote. Ukiuangusha, unalipa upya yote uliyokuwa umemaliza kulipa, halafu unalipa na lori la kwenda kutupa.

Nilipoyasema haya kwenye ile warsha, niliulizwa swali ambalo sikulitarajia, na aliyeuliza hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa kwetu, mzee mwenye heshima zake, amekaa kwenye kamati za shule na zahanati miaka mingi. Aliinuka taratibu akasema: "Mwanangu, Turkana tumechafua hewa gani? Waliochafua wana ghorofa 50. Sisi tukitaka ghorofa tatu mnatuambia kaboni. Mnataka watoto wetu wakae kwenye matope hadi lini?" Watu wakacheka, lakini si kwa dharau. Wakampigia makofi kuliko walivyompigia mtoa mada.

Nimelibeba swali hilo hadi leo, kwa sababu nusu yake ni kweli tupu. Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023 uliua mifugo yetu, na hatukuuchokoza sisi. Mtu yeyote anayekuja Turkana kutuhubiria toba ya kaboni anastahili kurudishwa alikotoka na mfuko wake wa kitambaa. Mimi siitetei kaboni kwa sababu ya toba. Naitumia kama mtu anavyotumia risiti. Ukiifuatilia kaboni ya jengo la Lodwar unakuta inaonyesha barabara ileile inayofuatwa na shilingi zetu: simiti kutoka Athi River, vyuma kutoka viwanda vya mbali, vioo na vigae kutoka ng'ambo, kontrakta kutoka kwingine. Panapotoka moshi mwingi ndipo panapotoka pesa nyingi kwenda nje ya kaunti. Jengo la kaboni ndogo kwa kawaida ni jengo ambalo mchonga mawe wa hapa amelipwa, fundi wa kuchomelea wa Lodwar amelipwa, mama wa chai kando ya mjengo amelipwa kwa miezi mingi zaidi kwa sababu kazi ya mikono huchukua muda. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mzee. Siku hiyo nilibabaika.

Nusu ya pili ya swali, ile ya matope na heshima, nayo inastahili jibu. Tumezoeshwa kuamini kwamba jengo la heshima ni lile linalofanana na la Nairobi. Lodwar mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita, mwaka mzima. Weka hapo sanduku la zege lenye bati jembamba juu na kioo upande wa magharibi, halafu waite wanafunzi 80 saa nane mchana wasikilize mhadhara wa takwimu. Nimekaa kwenye madarasa hayo. Mwalimu anafuta jasho, wanafunzi wanajipepea na madaftari, na nusu wamehamia chini ya mti nje, kivulini, kama babu zao. Heshima iko wapi hapo?

Tena mfano wa kinyume chake tunao hapahapa, si Ulaya. Loropio, kando ya Ziwa Turkana, kuna kampasi ya Startup Lions inayofundisha vijana kazi za kompyuta. Iliyasanifiwa na ofisi ya Francis Kéré, mwana wa kijiji cha Gando huko Burkina Faso, ikakamilika 2021. Mwaka uliofuata Kéré akatunukiwa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ukitoka mbali unaona minara mirefu kama vichuguu vya mchwa, na ndiko walikojifunzia. Hewa moto hupanda ikatokea juu, hewa baridi kidogo ikavutwa kutoka matundu ya chini, na kompyuta zinafanya kazi bila kumezwa na joto na vumbi. Kuta zake ni za mawe ya machimbo ya hapa. Simiti imo, chuma kimo, sitadanganya kwamba ni jengo la miujiza. Lakini hakuna aliyewahi kusimama pale akasema vijana wa Turkana wametukanwa. Watu hutoka ng'ambo kuja kulipiga picha.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa nyanya yangu. Kama wanawake wengi wa Kiturkana wa rika lake, nyumba zake alizijenga mwenyewe. Matawi yaliyopindwa, yakafungwa kwa kamba, yakafunikwa majani ya mkoma tunaouita engol, na ngozi juu yake. Awi ilipohama, ngozi na miti mizuri ilifunguliwa, ikapangwa juu ya punda, ikaenda kuwa nyumba kwingine. Kilichobaki nyuma ni mduara ardhini na mafiga. Sitaki kumgeuza nyanya kuwa bango la utalii. Nyumba ile ilikuwa na moshi, mvua ikija ilimpata, na alipopata mabati alifurahi sana. Wala sisemi maabara ya kemia ijengwe kwa majani ya engol. Ninachokisema ni kwamba alijua jambo moja ambalo injinia wetu wengi wamelisahau: nyumba yake ilifungwa, haikugandishwa. Alipoifunga siku ya kwanza alikuwa ameshawaza siku ya kuifungua.

Linganisha na sisi. Tunachukua jiwe zuri la kuchonga, ambalo lingeishi miaka 300, tunaligandisha na jingine kwa simiti ngumu kuliko jiwe lenyewe. Siku ya kutenganisha, linalovunjika ni jiwe. Wazee wa pwani, Lamu na Unguja, walijenga kwa chokaa, na chokaa ni laini, jiwe linatoka zima. Tunachukua kenchi za chuma tunazichomelea kila kiungo, wakati bolti zingeshika vilevile na zingefunguka kwa spana. Tunapitisha waya na mabomba ndani ya zege, kwamba bomba likipasuka lazima ukuta uvunjwe. Halafu baada ya miaka 25 tunasema jengo limechakaa. Lilizaliwa likiwa haliwezi kufunguliwa, lingefanyaje?

Na si kwamba mafundi hawapo. Nenda Kakuma. Tangu kambi ifunguliwe 1992, watu waliofika pale mikono mitupu wamejenga mji kwa vitu vilivyotupwa na wengine. Debe la mafuta ya msaada likimalizika halitupwi. Linapasuliwa, linanyooshwa kwa nyundo, yakiwa mengi ya kutosha yanakuwa mlango. Nimeona milango ya hivyo ambayo jina la nchi iliyotoa mafuta bado linasomeka, limejirudia mara 20 kama maombi. Kwenye makazi ya Kalobeyei, yaliyoanza 2016, familia zimepewa pesa zijisimamie ujenzi wenyewe badala ya kontrakta mmoja kujengea wote. Kama kuna chuo kikuu kinachotaka kufungua somo la kutumia tena vifaa vya ujenzi, walimu wako Kakuma, wengine hawana hata cheti cha kidato cha nne. Sijui ni kamati gani ya ajira itakayokubali, lakini natupa tu.

Jengo ambalo kila ninapolikumbuka najiuliza kwa nini hatujifunzi ni kiwanda cha samaki cha Kalokol. Norway walitoa fedha, likajengwa jumba la kugandisha samaki kando ya ziwa, likamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Majokofu yalihitaji umeme na maji safi kuliko vilivyokuwepo, yakafanya kazi siku chache tu yakazimwa. Ghuba ya Ferguson nayo ikakauka kwa muda, samaki wakaenda zao. Tangu hapo Kalokol hutajwa kwenye kila kitabu cha misaada iliyoshindwa, na kwa miaka mingi jumba lile limetumika zaidi kama ghala la samaki wa kukausha. Wataalamu wakilizungumzia husikitika, wakaondoka. Mimi nikiliangalia naona paa, naona kuta nene, naona sakafu ya zege ambayo kaboni yake ilitoka zaidi ya miaka 40 iliyopita na haitatoka tena. Nimewahi kuuliza kwa nini masomo ya uvuvi na sayansi ya ziwa yasianzie humo, badala ya kumwaga zege jipya. Niliambiwa jengo lile lina mkosi. Jamani, zege halina mkosi. Mkosi ulikuwa kwenye hesabu ya umeme.

Wala kuanzia kwenye jengo la mwenzako si aibu, maana karibu wote tulianzia hapo. Maseno ilikuwa taasisi ya mafunzo ya serikali na chuo cha ualimu cha Siriba kabla ya kuwa chuo kikuu. Pwani ilikuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi. Masinde Muliro, mlezi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilichoanzishwa hapa Lodwar 2017, ilikua kutoka WECO. Tanzania mwaka 2005 waliigeuza sekondari ya Mkwawa, Iringa, na chuo cha ualimu cha Chang'ombe kuwa vyuo vikuu vishiriki. Huo ulikuwa uchumi mzunguko kabla ya neno kufika. Lakini mtu akiandika historia ya chuo chake anayapita haraka majengo ya urithi, kama mtu anayeficha kwamba alivaa viatu vya kaka yake, anakimbilia jengo la kwanza jipya.

Sasa kwa nini tunabomoa? Nimefanya kazi kwenye mijengo ya kutosha kujua kwamba sababu si ujinga. Ukarabati haukatiwi utepe. Hakuna jiwe la msingi linalowekwa kwa paa lililorekebishwa, na hakuna kiongozi anayesafiri kwa ndege hadi Lodwar kuzindua bawaba. Mfuko wa maendeleo una pesa ya kujenga, mfuko wa matengenezo hauna kitu, kwa hiyo jengo huachwa lioze hadi listahili pesa ya ule mfuko mwingine. Mkadiriaji wa ujenzi na msanifu hulipwa asilimia ya gharama. Gharama ikipungua, malipo yao yanapungua. Nani atajipunguzia chakula? Na tenda ya kubomoa ina utamu wake, kwa sababu anayeshinda huondoka na alichokibomoa na hakuna aliyekihesabu. Lile lori la usiku halikuja kwa bahati mbaya.

Mtaniambia sheria inatufunga mikono. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na mimi pale getini, na niliamini kwa miaka mingi hadi nilipoisoma mwenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaorodhesha njia za kuondoa mali ya umma isiyohitajika, na moja ya njia hizo, iliyotajwa waziwazi, ni kuihamishia taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Shule ya msingi ya serikali ni taasisi ya umma. Madirisha yale yangeweza kufika Katilu kwa barua na muhuri. Tena tangu 2022 tuna Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka, na uchumi mzunguko umo ndani yake kwa jina. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kalamu kabla ya tingatinga.

Kwa hiyo ninachokidai ni kidogo, nusura kinione haya. Chuo chochote cha umma kisipewe kibali cha kubomoa kabla ya kutoa orodha ya kila kilichomo: madirisha mangapi, mbao futi ngapi, mabati mangapi, mawe mita ngapi, na kila kimoja kinaenda wapi. Orodha ibandikwe getini wiki nne ili mwalimu mkuu yeyote aweze kuja na barua yake. Msanifu alipwe sawa akikarabati kama anavyolipwa akijenga. Na kabla ya kujenga darasa jipya, chuo kituonyeshe ratiba. Nimewahi kupita kwenye kampasi moja siku ya Alhamisi saa tisa alasiri nikihesabu kumbi: kati ya 11, saba zilikuwa tupu, na ubaoni kwa mkuu wa majengo kulikuwa na ramani ya kumbi nyingine sita. Sekondari za bweni nazo hufungwa Aprili, Agosti na Desemba, madarasa yamekaa na popo. Hakuna teknolojia ya kupunguza kaboni iliyo rahisi kuliko funguo.

Tahadhari moja, maana nawajua watu wa miradi. Mtu akisikia haya atakuja kesho na mashine ya kijani. Sisi tumeshaletewa kitu cha kijani. Mathenge, etirae kwa lugha yetu, ililetwa nchi kavu za Kenya miaka ya 1970 na 1980 kama mti wa kuokoa ardhi. Leo inakula mashamba kandokando ya Turkwel, na wakulima wa Katilu wanaikata kila msimu na kila msimu inarudi. Watu wa Baringo waliishtaki serikali na kupeleka mbuzi asiye na meno mahakamani, meno yameharibiwa na maganda yake matamu. Sitaki mathenge ya majengo. Sitaki chuo kibomoe jengo zima ili kujenga jingine lenye cheti cha kijani ukutani.

Kule Katilu, mama yangu ana madirisha mawili ya chuma. Nilinunua kwa muuza vyuma kuukuu, yamekwaruzwa rangi hadi chini, na chini ya rangi ya bluu kuna ya kijani, na chini ya kijani kuna ya kijivu. Hayafanani, moja ni kubwa kuliko jingine. Fundi alitaka kuyachimbia na simiti. Mama akakataa, akamwambia ayafunge kwa skrubu kwenye fremu ya mbao, kwa sababu mto ukifurika tena atahamia juu na hataki kuyaacha.

Chuo kimoja cha kaskazini kimeniita mwezi ujao mbele ya kamati yake ya majengo. Wana mabweni mawili ya zamani wanayotaka kuangusha. Nilikwenda siku mbili na futi na daftari: madirisha 31, milango 18, mabati 240 ambayo yakipigwa rangi yana maisha, kuta hazina ufa. Nimeandika kila kitu kwa mstari wake, hakuna mstari wenye neno takataka. Katibu amenipigia simu jana kuniambia nimepewa dakika kumi, baada ya chai.